Sauti ya Kukataa, Sauti ya Kupanga: Mji na Wakazi Wake katika Mstahiki Meya na Kigogo

1. Utangulizi

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya umezoea kuutazama mji kama mandhari tu. Mji hutajwa katika aya ya kwanza, kisha mhakiki hukimbilia dhamira: ufisadi, uongozi mbaya, nafasi ya mwanamke, mgongano wa matabaka. Mazoea haya yamekuzwa na mtihani. Tamthilia iliyoteuliwa kwa shule za upili hufundishwa kwa orodha ya maudhui na sifa za wahusika, na katika orodha hiyo hamna nafasi ya kuuliza taka zinatupwa wapi, soko limesimama juu ya ardhi ya nani, au mlango wa ofisi ya mkubwa humfungukia nani kwanza. Hata hivyo, hayo ndiyo maswali anayokumbana nayo mkazi wa mji kila asubuhi, na ndiyo yanayotofautisha mji wa walionacho na mji wa wasionacho.

Makala hii inazichunguza tamthilia mbili kwa kuanzia na maswali hayo. Ya kwanza ni Mstahiki Meya ya Timothy Arege, iliyochapishwa mwaka 2009. Ya pili ni Kigogo ya Pauline Kea, iliyotoka mwaka 2016 na kuipokea ile ya kwanza kijiti katika mtihani wa kidato cha nne. Kati ya tarehe hizo mbili kuna mabadiliko makubwa ya kisheria. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya kipengele cha wananchi kushirikishwa kuwa mojawapo ya maadili ya kitaifa katika kifungu cha 10. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 ikawapa wakazi haki ya kukutana na kutoa maoni kuhusu mipango ya mji wao. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, mabaraza ya miji na mameya wake yaliondoka na serikali za kaunti zikashika nafasi. Kwa hiyo tamthilia ya kwanza inazungumzia kiti ambacho sasa hakipo. Ya pili iliandikwa wakati sheria tayari ilikwisha kumwita mwananchi mezani.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tamthilia hizi zinaujua vyema uovu wa mipango isiyowahusisha watu, lakini haziujui mpango wenye watu ndani yake. Zinawapa wakazi sauti ya kukataa na kuwanyima sauti ya kupanga. Upungufu huo haukutokana na uchache wa ujasiri wa watunzi. Umejikita katika fani: katika uteuzi wa mahali pa matukio, katika ujenzi wa shujaa, na zaidi katika namna neno "wananchi" linavyotumika kana kwamba lina mwili mmoja na tumbo moja. Ili kuipima hoja hii, makala itazisoma tamthilia kwanza, kisha itazilinganisha na mahali pawili halisi: Mukuru, jijini Nairobi, ambako wakazi walishiriki kuandika mpango wa mtaa wao, na miji ya Busia na Malaba kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako soko ndilo mji wenyewe.

2. Cheneo: mji unaotawaliwa kwa subira ya wengine

Mji wa Cheneo katika Mstahiki Meya unajulikana kwa vitu vinavyokosekana. Dawa hakuna, mishahara haitoshi, taka hazizolewi. Meya Sosi yeye analalamikia udogo wa mayai mezani pake. Wahakiki wengi wameishia katika kinaya hicho, na kwa hakika ni kinaya kilichokusudiwa. Lakini kuna jambo la ndani zaidi. Katika Cheneo, tofauti kati ya mtawala na mtawaliwa ni tofauti ya wakati. Wagonjwa wanaambiwa dawa zimo njiani, wangoje. Wafanyakazi wanaambiwa uchumi haujawa mzuri, wangoje. Wageni wa Meya hawangojeshwi: maandalizi yao yanafanywa mapema, mvinyo wao unafikiriwa kabla hawajatia mguu mjini. Daktari Siki anapomwendea Meya kumweleza hali ya wagonjwa, wanachobishania kwa hakika ni siku. Kwa mkubwa, siku tatu ni muda mfupi. Kwa mtoto mgonjwa, siku tatu ni umri mzima.

Hapa Arege ameona kitu ambacho wataalamu wa mipango ya miji hukisema kwa takwimu. Mji usio na usawa huonekana katika ukubwa wa nyumba na upana wa barabara, na huonekana vilevile katika foleni. Maskini wa mjini ni mtu anayengoja: maji, kibali, gari, daktari. Kutawala mji ni kugawa muda wa kungoja. Cheneo inamgawia mkazi kungoja kote, na lugha ya Meya ndiyo chombo cha ugawaji huo.

Kuhusu ushiriki wa wakazi, tamthilia ina matukio mawili ya kupimia. La kwanza ni mikutano ya Meya na madiwani. Diwani wa Tatu anapinga, Diwani wa Kwanza na wa Pili wanaitikia, na maamuzi yanakwenda kule ambako Meya na rafikiye Bili wamekwisha kuyapeleka. Ikumbukwe kwamba katika mfumo wa mabaraza ya miji nchini Kenya, meya alichaguliwa na madiwani, si na wakazi moja kwa moja. Kwa hiyo baraza lilikuwa kioo ambacho meya alijitazamia, na Arege analichora hivyo hasa. Hata suala la mkandarasi wa kuzoa taka, ambalo lingekuwa suala la kila nyumba ya Cheneo, linajadiliwa kama suala la fidia na mgao wa fedha. Taka zenyewe hazimo katika mjadala. Vivyo hivyo fimbo ya meya, alama ya dhamana aliyopewa na mji, inageuka kuwa mali inayoweza kuibwa na kuuzwa na yuleyule aliyekabidhiwa.

Tukio la pili ni pale wawakilishi wa wafanyakazi wanapokutana na Meya. Sherry Arnstein, katika makala yake ya mwaka 1969 kuhusu ushiriki wa raia katika mipango ya miji ya Marekani, alipanga ngazi yenye vidato vinane. Chini kabisa aliweka hadaa, juu kabisa akaweka mamlaka ya raia wenyewe. Katikati aliweka vidato vya kuarifiwa, kuulizwa maoni na kutulizwa, ambavyo alivionyesha kuwa ni vya kujionyesha tu pasipo mamlaka. Mkutano wa Meya na akina Tatu, Beka na Medi unafaa kusomwa kwa ngazi hiyo. Meya anaanza kwa kuwatuliza, anapanda kidogo kwa kuwaarifu kuhusu hali ya uchumi, na anapoona hawatulii anateremka hadi kwenye vitisho na nguvu. Hakuna kidato cha juu anachokifikia, wala wawakilishi hawakidai. Wanadai mishahara bora na huduma, madai ya haki kabisa, lakini hawadai nafasi katika kuamua fedha za mji zitumike vipi. Mgomo unausimamisha mji, na uvundo wa taka unawafikia hata waliojifanya hauwahusu. Meya anaanguka. Hata hivyo, pazia linapofungwa, hakuna mkazi wa Cheneo aliyewahi kuulizwa, katika tamthilia nzima, mji wake angeutaka uweje.

3. Sagamoyo: soko kama ardhi

Pauline Kea anasogeza mbele suala hili kwa hatua moja muhimu. Katika Kigogo, kiini cha mgogoro ni mahali. Soko la Chapakazi limefungwa. Wauzaji walilipa kodi lakini soko halikusafishwa. Kisha uchafu uleule ambao utawala uliuachia ukatumiwa kuwa kisingizio cha kulifunga. Nyuma ya kisingizio kuna mpango: Majoka anataka kujenga hoteli ya kifahari pale pale. Mtiririko huu, yaani kutelekeza, kulaani uchafu, kufunga, kisha kujenga kwa ajili ya wengine, unajulikana na kila mkazi wa miji mikubwa ya Afrika Mashariki. Mwezi Mei 1990 kijiji cha mabanda cha Muoroto, karibu na katikati ya Nairobi, kilibomolewa kwa nguvu, na lugha ya usafi na utaratibu wa jiji ilikuwa miongoni mwa zilizotumika kukihalalisha kitendo hicho. Sagamoyo ni jimbo la kubuni, lakini mantiki yake haikubuniwa.

Uteuzi wa mahali pa matukio unalipa suala hili nguvu. Tamthilia inafunguka katika karakana iliyo sokoni, ambako Sudi, Boza na Kombe wanachonga vinyago. Hilo lenyewe ni tofauti na Mstahiki Meya, ambamo uzito mkubwa wa matendo umo ofisini na nyumbani mwa mtawala. Kea anamleta mjumbe wa mtawala chini, hadi kwa mchongaji: Kenga anakuja na keki ya sherehe na ombi la kinyago cha shujaa wa utawala. Sudi anakataa. Anachonga shujaa mwingine, mwanamke. Wahakiki wamekisoma kinyago hicho kama ishara ya ujio wa Tunu, na usomaji huo ni sahihi. Unaweza kuongezwa mwingine: kuchonga ni kupanga. Mchongaji ana gogo mbele yake na umbo kichwani, na anaondoa kisichohitajika mpaka umbo litokee. Karakana ni mahali pekee katika Sagamoyo ambapo mkazi wa kawaida anaamua kitu kitakuwaje. Ni jambo la kujutia kwamba tamthilia haiupanui mfano huu wake bora. Kipaji cha kubuni umbo kinabaki kwenye mti. Hakihamishiwi kwenye soko.

Mwisho wa Kigogo ni wa matumaini kuliko ule wa tamthilia ya kwanza. Watu wanakusanyika penye lango la soko, Tunu akiwa amejeruhiwa mguu lakini hajavunjika moyo. Kingi anakataa amri ya kuwapiga watu risasi. Kenga anamgeuka bwana wake. Henri Lefebvre aliandika mwaka 1968 juu ya haki ya mji, akimaanisha haki ya wakazi kuwa watengenezaji wa mji wao badala ya kuwa watumiaji wake tu. Lango la Chapakazi linakaribia sana wazo hilo. Watu hawaombi kuhurumiwa; wanadai mahali pao. Lakini wanasimama langoni. Tamthilia inawafikisha kwenye mlango wa soko na kuwaacha hapo. Kuhusu yatakayokuwa ndani, nani atapata kibanda cha mbele na nani cha nyuma, nani atalipa kodi na kiasi gani, maji machafu yatapita wapi, Kigogo haisemi neno.

4. Nani ni wananchi?

Mhakiki anaweza kujibu kwamba hayo si kazi ya tamthilia. Kwamba sanaa inaamsha, na mipango ni ya maofisa. Jibu hilo lingetosha kama tamthilia zenyewe zisingekuwa zimegusa ugumu wa jambo. Kigogo imeugusa. Asiya, anayeitwa Mamapima, anauza pombe Mangweni na amepewa zabuni ya kuoka keki ya sherehe. Mumewe Boza anafanya kazi karakana moja na Sudi, lakini anautetea utawala. Ngurumo na wenzake wanaokunywa Mangweni hawaoni hasara ya soko kufungwa, wanamcheka Tunu. Hawa ni wakazi wa Sagamoyo kama Sudi na Ashua. Wamo pia wanaotishwa kwa vijikaratasi vya kuwataka wahame kwa madai kwamba pale si kwao. Kwa maneno mengine, Kea ameonyesha kwamba kufungwa kwa soko kunamnufaisha mkazi mmoja na kumfilisi mwingine, na kwamba hata suala la nani ni mkazi lina ubishi.

Tatizo ni namna tamthilia inavyoumaliza ubishi huo. Inaumaliza kwa maadili. Asiya na Boza wanawekwa upande wa usaliti, Ngurumo anaangamizwa, wengine wanaelimika na kumfuata Tunu. Tofauti ya maslahi inageuzwa kuwa tofauti ya tabia. Anayefaidika na utaratibu mbovu ni mbaya au mjinga, na akiamka atajiunga na umati. Mstahiki Meya inafanya vivyo hivyo kwa mkato zaidi: wafanyakazi ni kitu kimoja, na madiwani wawili vibaraka ni kitu kingine. Katika tamthilia zote mbili, umoja wa wakazi unachukuliwa kuwa hali ya asili inayovurugwa na utawala. Umoja hautungwi, unafunuliwa tu.

Hapa ndipo mfano wa Mukuru unapofaa. Mwezi Agosti 2017, serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza mitaa ya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango. Kaya zake zilikadiriwa kuwa takriban laki moja. Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda kilichoanzishwa mwaka 1996, kilishirikiana na vyuo vikuu, mashirika na idara za kaunti. Utaratibu wa kuwashirikisha watu haukuanza na mkutano wa hadhara. Ulianza na nyumba kumi. Kila kaya kumi zilipangwa pamoja, makumi yakaunganishwa kuwa mamia, na mamia kuwa maeneo makubwa zaidi yenye wawakilishi. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano wa hadhara: katika umati, mwenye sauti kubwa ndiye umati. Mwenye nyumba za kupangisha husema kwa niaba ya wapangaji, na mwenye kuuza maji husema kwa niaba ya wanunuzi. Kwenye nyumba kumi, mpangaji na mwenye nyumba wanatazamana, na njia itakayopanuliwa inajulikana italikata banda la nani.

Mukuru haipaswi kupambwa. Mwishoni mwa mwaka 2021 ubomoaji wa kupisha barabara uliwaacha maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga bila makao, katika eneo lilelile lililotangazwa kuwa la mipango maalumu. Mpango wenye watu unaweza kuvunjwa na mpango usio na watu. Lakini mfano unabaki: palikuwa na namna ya kusema ambayo si ya umati wala ya shujaa. Tamthilia hizi mbili hazina namna hiyo ya kusema. Zina monolojia ya mtawala, zina hotuba ya mtetezi, zina kelele za umati. Hazina nyumba kumi.

5. Usomaji kutoka mpakani

Wasomaji wa tamthilia hizi si wa Nairobi pekee. Zimesomwa pia katika shule za Busia na Malaba. Ni miji midogo ikilinganishwa na Nairobi, lakini mambo yanayofichika katika jiji kubwa huonekana wazi hapo, kwa kuwa kila mtu anaishi kwa mpaka, na mpaka hupangwa na walio mbali.

Mwaka 2018, tarehe 24 Februari, marais wa Kenya na Uganda walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, ambapo msafiri na mzigo hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Malaba nayo ina kituo kama hicho. Nia ilikuwa njema na manufaa yake hayakataliki: muda wa lori kungoja ulipungua. Lakini yanayosemwa juu ya Cheneo, kwamba kutawala mji ni kugawa muda wa kungoja, yanapata sura ya ajabu hapa. Mji wa mpakani ulikua kutokana na kungoja. Dereva aliyengoja alikula, alilala, alinunua vocha na sabuni, alinyolewa. Foleni ikifupishwa, mwenye shehena anafaidika na muuza chai anapungukiwa. Hakuna mwovu katika hesabu hiyo. Muuza chai hakuhongwa na Majoka, wala ofisa wa forodha si Sosi. Kuna tu maslahi mawili yanayogongana ndani ya mpango mzuri, na suala ni je, yule wa pili aliulizwa, na aliulizwa kwa lugha gani, na je, jibu lake lilibadilisha chochote.

Hali kadhalika, majengo ya mpakani yalisanifiwa kwa kipimo cha lori. Mwanamke anayevuka kwa miguu na debe la maharage au beseni la ndizi anapimwa kwa kipimo hicho pia. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka utaratibu mwepesi kwa bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000, lakini wapo wanaoendelea kutumia njia za panya. Msomaji wa Kigogo aliyezoea kugawa watu kati ya wazalendo na wasaliti atamweka wapi mwanamke wa njia ya panya? Anavunja sheria na analisha mji. Anakwepa kodi ambayo ingesafisha soko analouzia. Asiya wa Mangweni angestahili kuandikwa upya kwa mwanga huu: si kama mke wa kibaraka, bali kama mtu aliyepewa mlango mmoja tu na akaupita.

Mfano mwingine ni wa Machi 2021. Mamlaka ya kilimo ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache amri ikalegezwa kwa masharti. Afya ya walaji ni jambo la haki kulindwa. Lakini kwa siku hizo soko la nafaka la mpakani lilikuwa Chapakazi: limefungwa kwa neno lililotoka mbali, kwa sababu ya usafi, pasipo wauzaji kuketishwa na kuulizwa. Tofauti ni kwamba hapakuwa na hoteli nyuma ya amri. Hili ni somo kwa mhakiki. Tamthilia zimetufunza kutafuta hoteli, yaani njama, nyuma ya kila amri inayowaumiza wakazi. Mara nyingi ipo. Isipokuwepo, maumivu ni yaleyale, na msomaji aliyefunzwa kutafuta njama tu hubaki bila maneno.

Mpaka huohuo una jibu lake lisilo la kitabuni. Neno "boda boda", ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, linanasibishwa na mpaka huu, ambako tangu miaka ya 1960 waendesha baiskeli walikuwa wakiwavusha abiria kati ya kituo cha upande mmoja na cha upande mwingine, wakiita wateja kwa jina la mahali walipokuwa wakienda. Hakuna ofisi iliyopanga usafiri huo. Wakazi waliona umbali usio na gari, wakaweka baiskeli, wakaupa jina, na jina likashinda. Hii ni sauti ya kupanga katika umbo lake la asili kabisa: haikungoja mkutano, wala haikuanguka na meya. Lakini nayo haikuzaa usawa peke yake. Mwenye pikipiki na anayeiendesha kwa malipo ya siku si mtu mmoja. Kwa hiyo ubunifu wa wakazi haufuti haja ya meza ya pamoja. Unaonyesha tu kwamba wanaokuja mezani hawaji mikono mitupu.

6. Suala la fani

Je, tamthilia ya Kiswahili inaweza kuibeba sauti ya kupanga bila kugeuka kuwa taarifa ya kamati? Historia ya ukumbi wa Kenya inajibu kwamba inawezekana, na kwamba utawala ulilitambua hilo kabla ya wahakiki. Huko Kamĩrĩthũ, Limuru, kijiji kilichoanzishwa kwa amri wakati wa Hali ya Hatari katika miaka ya 1950, wakazi walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wa kuketi watu takriban 2,000. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda, na wakazi wakairekebisha katika mazoezi, wakisahihisha lugha, nyimbo na kumbukumbu. Mchezo ulifunguliwa Oktoba 1977, ukapigwa marufuku Novemba mwaka huohuo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa na polisi. Ni vyema kuangalia kilichobomolewa. Maandishi yalikwisha kuchapishwa na yalibaki. Kilichoangushwa ni jengo, yaani mahali ambapo wafanyakazi na wakulima walikuwa wamepanga na kujenga kitu kwa mikono yao kwa ajili ya mazungumzo yao.

Mstahiki Meya na Kigogo zimeandikwa kwa ajili ya darasa zaidi kuliko jukwaa la kijiji, na hilo halipaswi kuhesabiwa kuwa kosa la watunzi. Darasa ndilo soko la kitabu cha Kiswahili nchini Kenya. Lakini darasa lina umbo lake la mamlaka: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, jibu moja ndilo sahihi. Tamthilia inayotaka kufaulu hapo huelekea kutoa shujaa mmoja, mwovu mmoja na suluhisho moja. Siki na Diwani wa Tatu, Tunu na Sudi, wote ni watu wanaosema kwa niaba. Wanasema vizuri na wanaumia kwa kusema. Ila mkazi wa kawaida hujifunza kutoka kwao kwamba kazi yake ni kumpata wa kumsemea.

Katika mfumo wa mabaraza ya miji, somo hilo lilikuwa na mantiki yake, kwa kuwa mkazi hakuwa na mlango mwingine. Baada ya Katiba ya 2010, somo hilohilo lina hatari. Sheria inamtaka mkazi aje kwenye kikao cha bajeti, asome rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi, abishane na jirani yake kuhusu njia ya maji. Akienda huko na ari ya lango la Chapakazi peke yake, ataweza kukataa. Atakaporudishiwa karatasi na kuambiwa aandike anachotaka, atashangaa. Na pale anaposhangaa ndipo mwenye hoteli huandika kwa niaba yake.

7. Hitimisho

Mstahiki Meya imelichora baraza linalojisikiliza lenyewe na mji unaokufa kwa kungojeshwa. Kigogo imeliweka soko katikati ya jukwaa na kuonyesha kwamba ardhi ya mji ndiyo siasa yake. Sifa hizo hazipunguzwi na upungufu uliojadiliwa hapa. Upungufu wenyewe ni kwamba tamthilia zote mbili zinaishia pale ambapo kazi ngumu inaanza, na zinawaunganisha wakazi kwa hasira kabla ya kuwatambua kwa tofauti zao.

Uhakiki nao una deni. Kwa muda mrefu umeridhika kumhukumu Sosi na Majoka, hukumu ambayo haina anayeipinga. Ingefaa sasa umuulize Asiya anataka nini, umuulize Boza anaogopa nini, na uulize taka za Cheneo zilizolewa na nani siku ya pili baada ya Meya kuanguka. Maswali haya hayana jibu katika maandishi yaliyopo, na ndiyo sababu yanafaa kufundishwa. Mwanafunzi wa Malaba anayevuka soko kila siku akienda shuleni anaweza kuyajibu kuliko mwongozo wowote wa mtihani. Mtunzi atakayeyasikiliza majibu hayo ataandika tamthilia ambayo lango la soko lake litafunguliwa katika onyesho la kwanza, ili maonyesho yanayofuata yapate nafasi ya kuingia ndani.